Sauti Zinajaza Nafasi

Habari ya kifo cha Mama Paskalina ilinikuta dukani kwangu Nyasura, Bunda, nikibishana na mteja juu ya dawa ya kupe, na jambo la kwanza nililofanya baada ya kuisikia ni kutukana. Mteja akadhani nimemtukana yeye, akaiacha chupa juu ya meza na kuondoka. Sikumfuata. Aliyenipigia simu alikuwa Paskalina mwenyewe, binti wa marehemu, kutoka Butiama, naye alilisikia tusi lile lote na wala hakushangaa. Alisubiri nimalize, akaniambia mazishi ni keshokutwa, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akachoka: "Dada Skola, ile sauti ya mama unayo? Ile ulikuwaga unamrekodi akiimbia ng'ombe." Nikamwambia sina. Akauliza nani anayo. Nikamwambia anayo Magesa, na baada ya kulitamka jina hilo ilinibidi nikae kwenye gunia la pumba.

Watu wa kunishauri nisamehe sijawahi kuwakosa. Mume wangu ameshasema, katekista wa kigango chetu ameshasema, na mama mkwe amesema mara nyingi kuliko wote. Yaliyopita si ndwele, wananiambia, nami huwajibu kwamba hili halijapita, liko Musoma, lina gari jeupe na kitambi. Siku ile dukani, nikiwa nimekaa juu ya pumba, niliamua kwamba baada ya mazishi nitakwenda kuidai sauti ya Mama Paskalina, na kwamba kabla ya kwenda nitaikumbuka ile habari yote tangu mwanzo, ili mtu asije akanichanganya kwa maneno laini. Ninaiandika hapa kama nilivyoikumbuka. Nilizaliwa wapi na nani alinisomesha si sehemu ya kesi hii, kwa hiyo naviacha.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya maendeleo ya jamii, na simu za tachi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwa za kila mtu. Nilipata kazi kwenye shirika dogo pale Musoma. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Mwigobero, na kila siku tulianza kazi kwa ugomvi wa dirisha: likifunguliwa, harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye chai, likifungwa, tunaiva kwa joto. Mkurugenzi wetu, Bwana Magesa, alikuwa bado kijana, mtu wa Majita, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alikuwa amerudi kutoka kwenye mafunzo nje ya nchi, na kama wengine wanavyorudi wameokoka, yeye alirudi na programu ya kuandikia kumbukumbu. Alitukusanya sebuleni, akawasha projekta kwenye ukuta wenye madoa ya unyevu, akatuonyesha. Unaandika jambo moja, fupi. Unaliwekea lebo. Unaliunganisha na jambo lingine uliloandika jana, na hilo na lingine la mwezi uliopita, mpaka yote unayoyajua yanakuwa wavu mmoja, ukivuta uzi huu unapata ule. "Kichwa siyo ghala," alisema, akijigonga paji la uso. "Kichwa ni kiwanda. Ghala ni hii. Kuanzia leo katika ofisi hii hakuna kukumbuka. Ni kuandika." Kisha akamgawia kila mtu tableti, hiki ambacho siku hizi tumefundishwa kukiita kishikwambi, na akasema tunachokabidhiwa ni akili ya pili.

Sitaki hasira inifanye niseme uongo: niliipenda programu ile kuliko wote. Nilikuwa mtu wa kuandika mambo kwenye viganja, kwenye tiketi za basi, kwenye kona za magazeti, na vyote kuvipoteza. Sasa nilikuwa na mahali. Niliweza kuandika kwamba ng'ombe anatoa mate mengi baada ya mvua za kwanza, nikaiunganisha habari hiyo na majani yanayoota kando ya mto, na majani nikayaunganisha na mzee aliyeniambia mbuzi hawayagusi, na nilipotazama mistari ile ikiungana kwenye kioo nilijisikia nina akili kweli. Kwa wenzangu ilikuwa tofauti kidogo. Dereva wetu, Mzee Mafuru, ambaye alikuwa ameiendesha barabara ya Butiama tangu ujana wake, aliulizwa siku moja njia ya mkato ni ipi, akasema, "Ngoja mtandao urudi, nimeiandika humu." Mtandao ukikatika, na ulikuwa unakatika, ofisi nzima tulikaa tukitazamana kama watu waliosahau majina yao. Magesa alisema hayo ni matatizo ya mpito.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya maarifa ya wafugaji wa Butiama, hasa wanawake, ambao ndio wanaokamua na ndio wanaogundua kwanza kwamba mnyama anaumwa. Nikapangiwa kukaa kwa Mama Paskalina. Nililala chumba kimoja na Paskalina, ambaye wakati huo alikuwa sekondari, kitanda kimoja, miguu yake mirefu ikinisukumia ukutani chini ya kalenda ya parokia. Jiko lilikuwa nyumba ya pembeni, na hapo ndipo nilipoishi hasa. Vibuyu vya maziwa vilining'inia juu ya moshi, kila kimoja kina harufu yake, kwa sababu Mama Paskalina alivifukiza kwa mkaa wa mti aliouchagua mwenyewe na hakukubali mtu mwingine avisafishe. Tulikula ugali mweusi wa udaga wa muhogo na mtama, maziwa ya mgando, na dagaa niliokuja nao kutoka Mwigobero, ambao alikuwa akiwakagua mmoja mmoja akisema watu wa Musoma wanatuuzia mchanga wenye macho. Jirani yake alikuwa haachi kuja kula, na wakianza kuzungumza kilugha chao nilijua wananisema. Siku moja Paskalina alicheka mpaka akapaliwa. Nilipomuuliza, akasema, "Mama anasema wewe una vidole tu, masikio hujaletewa bado."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu nilipokuwa nikiandika sikumtazama usoni. Lakini nilikuwa pia na kinasa sauti ndani ya ile tableti, na kadiri siku zilivyokwenda niliacha kuchapa nikawa narekodi. Mama Paskalina alizungumza vizuri kuliko nilivyoweza kuandika. Alikuwa na matusi ya kupe, matusi ya mabwana mifugo wanaokuja na pikipiki na kuondoka kabla ng'ombe hawajarudi malishoni, na namna ya kunyamaza katikati ya sentensi ambayo ukiichapa haionekani. Kisha ng'ombe wake mmoja, jike lenye mabaka, akafiwa na ndama. Ng'ombe aliyefiwa hubana maziwa, haachii hata tone, na ukimlazimisha anapiga teke. Asubuhi ile nilimfuata Mama Paskalina zizini. Alisimama ubavuni mwa yule jike, akaegemeza paji lake la uso kwenye mbavu zake, akakaa hivyo kimya, halafu akaanza kuimba. Ilikuwa sauti ya chini sana, karibu haina maneno, inapanda kidogo na kukatika, inapanda na kukatika. Niliona ngozi ya ng'ombe ikitetemeka. Mkono wa Mama ukashuka kwenye chuchu, na maziwa yakaja. Nilirekodi wimbo wote. Jirani yake, aliyekuwa ameegemea ua, aliniambia kila mwanamke ana wake, anautunga mwenyewe na ng'ombe zake wanauzoea, na wa mwingine hausaidii kitu. Paskalina naye akasema, "Mimi nikijaribu wananipigaga teke. Wanajua siyo mama." Mama akamjibu kwamba atatunga wa kwake akiacha kucheza na shule, na wote wakacheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimfukuza aende shule kila asubuhi.

Niliporudi Musoma na rekodi zile na kuzichapa zote, Magesa alifurahi, akasema wilaya nzima hakuna mwenye hazina kama yetu. Kisha akakaa kwenye kiti changu akaanza kuyasafisha maandishi. Mahali pote nilipoandika Mama Paskalina alifuta, akaweka KE, miaka 60+, Butiama. Nikamwambia ana jina. Akasema, "Skolastika, taarifa haina mama wala baba. Taarifa ni taarifa. Ukianza kuweka majina, kesho kila bibi atakuja hapa kudai." Alikuwa bosi na mimi nilikuwa mgeni kazini, kwa hiyo nilitoka nje kwenye ua wa ofisi nikapiga ndoo teke, na kidole kilivimba wiki nzima.

Aliyeniuliza swali la maana alikuwa Mama Paskalina, safari iliyofuata, akisonga ugali. "Hizi maneno zangu zote, mnaziwekaga wapi?" Nikamwambia kwenye akaunti. "Akaunti ya nani?" Ya ofisi. "Yaani ya yule Mjita wa mashati." Nikasema ndiyo. Akageuza mwiko. Huko kwao hakuna mtu mwenye akili anayelaza ng'ombe wake wote zizi moja. Yeye mwenyewe alikuwa na jike Bunda kwa rafiki yake wa kanisani, na wengine Kiabakari kwa shemeji yake, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija, wasipotee wote kwa mara moja. Wanaomtunzia wanakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe, na siku ya kumpeleka wanakuwepo watu wa kushuhudia. "Sasa wewe umeswaga ng'ombe zote umepeleka kwa mtu mmoja," aliniambia, "na mashahidi huna. Wewe mtoto nani amekulea?" Alinipakulia ugali mwingi kuliko kawaida, kama mtu anayemhurumia mjinga. "Weka na kwako. Weka na kwa Paskalina."

Nilimsikiliza. Nilinunua memori kadi kwa mafundi simu wa mjini, nikanakili sauti zote, nikapanga nimpelekee Paskalina kadi moja na nyingine nibaki nayo. Mwenzangu mmoja aliniona nikinakili, na kabla ya chai ya saa nne Magesa alikuwa anajua. Alikuja mezani tulipokuwa tunakunywa chai, akanyoosha mkono bila kusema neno. Nikampa kadi. Akaiingiza kwenye kompyuta yake palepale, kati ya vikombe na sahani ya maandazi, akafungua faili la kwanza alilolikuta, na sauti ya Mama Paskalina ikajaa sebule ile akimwimbia ng'ombe. Wawili watatu wakacheka. Mzee Mafuru hakucheka, alivua kofia. Magesa akaniuliza, "Hii ni taarifa gani?" Nikasema ni wimbo. "Wimbo unamsaidia nini mfugaji?" Nikamweleza kuhusu ng'ombe aliyefiwa, na kuhusu maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa upole, upole ule ule ninaouchukia mpaka leo, kisha akaifomati kadi mbele yetu sote na kunirudishia. "Kadi ni yako," alisema. "Kilichokuwemo ni mali ya ofisi. Kwenye akaunti kipo salama kuliko kichwani mwako na kuliko mfukoni mwako." Akaagiza na ile kadi ya pili, nayo akaifomati. Alipomaliza akachukua andazi.

Mchana ule nilipojaribu kufungua akaunti nilikuta paswedi imebadilishwa. Nilimfuata nikamuuliza, akasema ni utaratibu mpya wa usalama, nikamwambia ni wizi, akasema nichague maneno, nikachagua mengine mabaya zaidi. Hivyo ndivyo kazi yangu ya kwanza ilivyokwisha. Nilitoka nikapita katikati ya Mwigobero huku nalia kwa hasira, nikiwakanyaga watu miguu, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akianika dagaa akanishika mkono na kunikalisha kwenye ndoo yake akiuliza nimefiwa na nani. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi kumwambia mtu nimefiwa na faili?

Nilikwenda Butiama kumuaga Mama Paskalina nikitegemea anigombeze. Hakunigomba. Aliniwekea maziwa akasema, "Ng'ombe akiwa kwa mtu hajapotea. Huyo mwache anywe maziwa. Siku moja utaenda kuchukua." Nilimpenda sana mama yule, na ndiyo maana nasema hapa wazi kwamba alikosea. Ng'ombe uliyemlaza kwa rafiki anaonekana. Majirani wanamwona akienda mtoni, wanaona amezaa, wanaona amekonda, na habari zinakufikia. Akaunti haina majirani. Mtu anaweza kumchinja ng'ombe wako humo ndani mchana kweupe na hakuna atakayesikia hata kishindo.

Maziwa Magesa aliyanywa. Miaka ile iliyofuata nilianzisha duka langu Bunda, nikaolewa, nikawa nauza dawa za mifugo na ushauri wa bure, na siku moja mteja akaja na kijitabu cha ufugaji bora alichopewa kwenye semina. Nilikifungua nikakutana na Mama Paskalina. Maneno yake yalikuwemo neno kwa neno: jinsi ya kuchungulia ukope wa ndama, kwa nini usimnyweshe ng'ombe maji ya kisima akiwa ametoka kukimbia, mpaka ule utani wake juu ya kupe. Nyuma ya kijitabu kulikuwa na picha ya Magesa amekumbatia tableti, na maelezo kwamba yeye ni mtaalamu aliyetumia miaka mingi vijijini. Alilala Butiama usiku mmoja tu, nakumbuka, na alilalamika juu ya godoro. Kijitabu kile nilikinunua kutoka kwa mteja nikakitia jikoni chini ya sufuria ya maharage.

Tulimzika Mama Paskalina, na baada ya mazishi mimi na Paskalina tukaenda Musoma. Magesa sasa anaishi Makoko, nyumba nzuri, unaliona ziwa ukiwa umekaa kwenye kochi. Makochi yana vitambaa vyeupe, meza ni ya kioo, na tulipewa soda tukiwa hata hatujasema tumetumwa na nini. Ameota mvi, amekuwa mnene, na upole bado anao. Tulimsalimu kwa heshima, kwa sababu hasira haiondoi malezi, na Paskalina akamweleza kwamba mama yake amefariki. "Poleni sana," alisema. "Mama yule nilimheshimu mno. Mama... mama..." Akatafuta jina hewani, na sisi hatukumsaidia. Paskalina akasema amekuja kuomba sauti ya mama yake, watoto wake ni wadogo, wamsikie bibi yao alivyokuwa akiimba. Mwenye nyumba akatabasamu kama mtu aliyeombwa kitu kidogo. Akaagiza kompyuta yake, akaifungua, na nikaiona ile programu, imebadilishwa rangi lakini ni yenyewe, na mistari yangu imeungana vilevile. Alitafuta kwa dakika chache, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Maandishi yote yapo," alisema. "Hakuna kilichopotea. Zile sauti tulizifuta zamani. Akaunti ilikuwa inajaa, unajua, na sauti zinajaza nafasi. Lakini msiwe na wasiwasi, kila kitu kilishachapwa."

Nilisimama. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa kwa zaidi ya miaka kumi na sikuweza kulikumbuka neno lake la kwanza. Paskalina hakusimama. Aliweka chupa ya soda kwenye kioo, taratibu, akauliza, "Ngozi iko wapi?" Magesa akasema hajamwelewa. "Umeelewa," Paskalina akamwambia. "Hata kwenu Majita mnafanyaga hivyo. Ng'ombe ya mtu ikifia kwako, unamletea mwenyewe ngozi. Aione kwa macho, ajue kweli imekufa, hujauza, hujala. Hata ikiliwa na fisi unatafuta kipande. Sasa mzee, mama yangu amefia kwako na hukutuma hata mtu. Mimi nimezika juzi nikidhani nimebakiwa na sauti. Ngozi iko wapi?"

Alikuwa ameelewa. Niliona uso wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu upole ulimtoka. Alianza kusema habari ya nafasi, na malipo ya kila mwaka, na kwamba hakuna aliyejua mama angekufa, na hapo ndipo nilipoipata sauti yangu. Nilimwambia kila mtu anakufa, hiyo si habari ya kusubiri iingie kwenye programu. Nilimwambia ulikuwa wimbo wa mwanamke mmoja na ng'ombe wake, kadi yenye nafasi ya kuutosha alikuwa nayo mkononi, akaifomati kisha akachukua andazi. Nilimwambia vijitabu vyake vimejaa maneno ya mtu ambaye mpaka amezikwa, yeye Magesa hajalijua jina lake. Mkewe alichungulia mlangoni akarudi ndani. Magesa alisema, "Skolastika, hasira zitakuua," nami nikamjibu kwamba nikifa asiniandike. Mwishowe aliwasha printa iliyokuwa kwenye kona, akatoa maandishi yote ya KE, miaka 60+, Butiama, akayapanga vizuri, akayatia kwenye faili la plastiki na kumpa Paskalina kwa mikono miwili. Paskalina aliyapokea kwa mikono miwili pia. Tuliondoka bila kuaga.

Siku ya kumaliza msiba watu walijaa uani kwa Mama Paskalina. Ilikuwa alasiri, wali umeliwa, sufuria zinasuguliwa, na shemeji wa Kiabakari akasema kwa kuwa Paskalina amekuja na maneno ya marehemu, basi asome. Paskalina akasimama na faili. Mimi nilikaa kwenye mkeka na wanawake, bado nina hasira, na hasira ile ilianza kulegea kidogo aliposoma, kwa sababu maneno yalikuwa yake kabisa. Watu walicheka habari ya kupe. Walicheka zaidi habari ya mabwana mifugo na pikipiki, hasa kwa kuwa bwana mifugo mwenyewe alikuwepo. Jirani yule mla vyetu, sasa mzee wa kutembelea fimbo, alikuwa akiitikia "Enhe! Ndiye huyo!" kila baada ya sentensi. Kisha Paskalina akafika ukurasa wa ng'ombe aliyefiwa, akapunguza mwendo.

"Ng'ombe akifiwa na ndama usimpige," alisoma. "Hata yeye ana msiba. Simama ubavuni kwake, weka kichwa chako hapa, nyamaza kwanza, akuzoee. Halafu unamwambia hivi." Nilijua kilichofuata, kwa sababu nilikichapa mimi, kwa utaratibu wa ofisi, kwamba kisichokuwa taarifa kiwekwe kwa kifupi ndani ya mabano. Paskalina alikisoma kama kilivyo.

"Anaimba."

Watu wakasubiri. Wanawake waliokuwa wakisugua sufuria waliacha. "Enhe," jirani akasema, amenyoosha shingo, "anaimbaje?" Paskalina aliigeuza karatasi, akakuta nyuma ni nyeupe, akairudisha. Alinitazama mimi, akatazama zizini, kisha akasoma aya iliyofuata, ambayo ilikuwa inahusu minyoo.